Gari Linalokaa Zaidi ya Kutembea: Nilivyoamua Sevisi Zake

Mita ya gari langu ilisoma kilomita 41,260 asubuhi ile niliyoketi na kitabu cha sevisi magotini ili niamue kama wakati wa kumwaga oili umefika. Sevisi ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwenye kilomita 38,400, kwa hiyo nilikuwa nimetembea kilomita 2,860 tu, na kibandiko kilichobandikwa pembeni mwa kioo cha mbele kilinielekeza nirudi gereji nitakapofika 48,400. Kwa hesabu hiyo nilikuwa bado na kilomita zaidi ya 7,000 mkononi, na kwa mwendo wangu wa sasa kilomita hizo zingenichukua karibu miaka mitatu kuzimaliza. Hata hivyo, tarehe iliyoandikwa kando ya namba hizo ilikuwa ya miezi 14 iliyopita, na kitabu chenyewe kinasema bila kificho kwamba oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 au kila miezi 12, na kwamba kitakachotangulia ndicho kifuatwe.

Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo ambayo wengi wetu huiruka. Mimi mwenyewe niliiruka tangu nilipoanza kufanyia kazi nyumbani, kwa sababu niliamini kwamba gari lisilotembea halichakai, na kwamba kulipia sevisi ya gari ambalo siku tisa nzima halijatoka getini ni kutupa fedha. Gari linapotoka, aghalabu huenda mwendo wa dakika saba au nane, huzimwa, kisha hurudi kwa mwendo uleule. Nililiona hilo kuwa ni matumizi mepesi kabisa, hadi nilipofungua boneti.

Nilipozungusha kifuniko cha kujazia oili na kukigeuza, upande wa ndani ulikuwa umepakwa ute mzito wa rangi ya maziwa iliyochanganyika na udongo, laini kama mafuta ya kujipaka, na katikati yake palikuwa na matone madogo ya maji yaliyosimama. Niliingiwa na hofu, kwa maana nilikuwa nimesikia kwamba ute wa namna hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba maji na oili visichanganyike juu ya silinda, kuungua na maji ya rejeta kuingia kwenye oili. Fundi wangu, mtu mzima ambaye hana haraka ya kusema, alichomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta, akakirudisha na kukichomoa tena, kisha akanionyesha kwamba oili iliyokuwa juu yake ilikuwa ya kahawia, isiyo na weupe wowote. Akatazama pia chupa ya maji, ambayo ilikuwa palepale kwenye alama yake ya juu. Ndipo akaniuliza, "Kaka, gari hili mara ya mwisho umelipeleka mbali lini?" Sikuweza kukumbuka.

Maelezo yake yalinipeleka kusoma zaidi, na nilichokielewa nitakieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndicho kilichobadilisha maamuzi yangu yote. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa maji ya kiasi cha lita moja hivi, yakiwa katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kwa bomba la moshi, lakini kiasi fulani cha gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia mahali oili inapokaa. Injini ikiwa ya moto, mvuke huo hauleti madhara makubwa, kwa kuwa hunyonywa kupitia mpira maalumu na kurudishwa kwenye silinda, kisha hutoka pamoja na moshi. Injini ikiwa baridi, mvuke hukutana na chuma cha baridi, hugeuka matone na kuchanganyika na oili. Isitoshe, injini iliyo baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili iwake, na petroli ambayo haikuungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuipunguza oili uzito. Maji, petroli na masalia ya kuungua vikikaa pamoja huzaa asidi, na viungo vilivyotiwa ndani ya oili kiwandani ili kuipoza asidi hiyo huisha polepole hata kama mita ya kilomita haisogei.

Jambo jingine ambalo sikulijua ni kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi hupima maji ya rejeta, haupimi oili. Mshale unaweza kufika katikati baada ya dakika chache, ilhali oili bado iko nyuma sana. Kwa hiyo safari yangu ya dakika saba, ambayo kwa macho yangu ilimalizika injini ikiwa ya moto, ilikuwa ikimalizika kabla oili haijapata joto la kuweza kufukuza maji yaliyoingia. Safari kumi za namna hiyo huiumiza oili kuliko safari moja ndefu yenye jumla ya kilomita zilezile.

Ukifungua kurasa za nyuma za vitabu vingi vya magari, utakuta ratiba ya pili ya sevisi iliyoandikwa kwa ajili ya matumizi magumu, na miongoni mwa matumizi hayo magumu, pamoja na vumbi, kuvuta tela na kukaa muda mrefu injini ikinguruma bila gari kutembea, zimetajwa safari fupi za mara kwa mara. Kwenye kitabu cha gari langu ratiba hiyo inakata kila kitu nusu: kilomita 5,000 au miezi sita. Nililazimika kuisoma sentensi hiyo mara mbili, maana mimi niliyejihesabu kuwa mtumiaji mpole kuliko wote nilikuwa nimeandikwa kwenye kundi la watumiaji wakali.

Nilifikiri kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Kumwaga oili kila miezi sita kwa ajili ya kilomita zisizozidi 1,300 niliona ni kupitiliza, mradi niondoe chanzo chenyewe cha tatizo. Uamuzi wangu ni huu: oili na filta yake vitabadilishwa kila miezi 12 bila kujali mita inasema nini, na mara moja kwa wiki gari litatoka kwa mwendo wa dakika 40 hivi mfululizo, kwenye barabara inayoruhusu kwenda bila kusimama simama. Ikitokea miezi fulani nimeshindwa kulitoa hivyo, nitarudi kwenye ratiba ya miezi sita. Baada ya wiki nne za utaratibu huo nilifungua tena kile kifuniko. Ndani yake palikuwa na utando mwembamba wa oili safi tu. Niongeze kwamba kununua oili ya sinthetiki ya daraja la juu, ambayo ni nzuri kweli na huvumilia joto kuliko ile ya kawaida, hakumwondolei mtu wajibu wa tarehe, kwa sababu ubora wa oili hauzuii maji na petroli kuingia ndani yake.

Kutokana na hayo nilianza kujiuliza, kwa kila sehemu ya gari, ni kitu gani hasa kinachoichakaza. Zipo sehemu zinazoliwa na kilomita, zipo zinazoliwa na muda, na zipo zinazoumizwa na huko kukaa kwenyewe. Gari linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka halihitaji mwenyewe kutofautisha, kwa maana kilomita hutangulia karibu kila mara na kuburuta mengine yote. Kwa gari kama langu kutofautisha huko ndiko kunakoamua nilipe nini na nikatae nini.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyonishtua baada ya oili. Mafuta haya, katika aina zinazotumika kwenye magari mengi, hunyonya unyevu kutoka hewani, na huunyonya kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake hata gari likiwa limefunikwa gereji. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Tofauti hiyo huonekana kwenye mteremko mrefu, pale breki zinapopata moto na maji yaliyomo kwenye mafuta kugeuka mvuke. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu hukanyaga pedeli ikazama bila gari kushikwa. Unyevu huohuo hula kwa kutu pistoni za breki na vyuma vilivyo ndani ya mtambo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, ambao ni wa gharama kubwa. Watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka miwili. Katika kumbukumbu zangu sikukuta popote pameandikwa kwamba yaliwahi kubadilishwa tangu nilinunue gari miaka mitano iliyopita, na hilo sikulifikiria mara mbili. Yalibadilishwa siku hiyohiyo.

Kwa upande wa matairi nilikuwa na kiburi kidogo, kwa sababu meno yake yalikuwa bado na kina cha milimita sita, na kiwango cha chini kinachotajwa na sheria za nchi nyingi ni milimita 1.6. Fundi aliniambia nipige magoti nisome ubavuni. Niliwasha tochi ya simu, nikapangusa vumbi kwa kidole, na baada ya herufi DOT na mlolongo wa alama nisizozielewa nikaona namba nne zilizofungiwa ndani ya umbo la yai: 3216. Namba mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani tairi lilitengenezwa katika wiki ya 32 ya mwaka 2016. Yalikuwa ni matairi yaliyotoka na gari kiwandani. Nilipolibonyeza tairi kwa dole gumba karibu na rimu, nyufa nyembamba kama nyuzi zilifunguka mstari kwa mstari, kisha zikajifunga nilipoachia.

Mpira wa tairi huwa na kemikali zinazoukinga dhidi ya ozoni na jua, na kemikali hizo husogea kuja juu ya uso wa mpira tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililosimama halipati msogeo huo, ndiyo maana linaweza kupasuka nyufa huku meno yake yakionekana ya jana. Watengenezaji wa magari kadhaa hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita. Wapo watengenezaji wa matairi wanaosema yakaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na yasivuke miaka kumi kwa namna yoyote, hata kama yanaonekana mazima. Nilinunua matairi manne, na kabla ya kulipa nilisoma namba za kila moja, kwa kuwa tairi linaweza kukaa dukani kwa miaka na bado likauzwa kama jipya. Tairi la akiba, ambalo halijawahi kugusa lami, nalo lilikuwa na namba ileile ya 3216. Hilo nimeliacha kwa sasa, kwa sharti kwamba halitatumika ila kunifikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu zaidi kwa mwendo wa polepole. Sioni fahari katika uamuzi huo, na nitalibadilisha mwaka huu. Upepo wa matairi napima kila baada ya wiki mbili, kwa maana hupungua hata gari likiwa limesimama.

Betri inastahili maelezo yake, kwani ndiyo inayowasumbua wenye magari ya kukaa kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hudhani kwamba kuwasha gari ndiko kunakoimaliza. Nilipiga hesabu. Stata, ile mota inayoizungusha injini ili iwake, ikivuta ampia 150 kwa sekunde tatu, imetumia umeme mdogo sana, kiasi cha ampia-saa 0.125 (ampia-saa moja ni ampia moja ikivutwa kwa saa nzima). Gari lililozimwa na kufungwa huendelea kuvuta umeme kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kompyuta zake, na wastani wa miliampia 30 ni jambo la kawaida. Kwa siku moja hiyo ni ampia-saa 0.72, karibu mara sita ya ile ya kuwasha. Kwa wiki tatu hufika ampia-saa 15, yaani theluthi moja ya betri ya ukubwa wa ampia-saa 45, bila kuhesabu umeme unaopotea ndani ya betri yenyewe. Betri inayokaa muda mrefu ikiwa haijajaa hujengeka chembe ngumu za salfati kwenye sahani zake za risasi, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo mara nyingi haurudi.

Nilipima yangu kwa multimita, yaani kipima umeme, asubuhi, gari likiwa limekaa siku sita, nikapata volti 12.2. Betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, na 12.2 ni kama nusu. Tiba niliyokuwa nikiitumia ilikuwa kuiwasha injini na kuiacha ingurume dakika kumi pale ilipoegeshwa, na sasa naona kwamba hilo lilikuwa kosa lenye madhara mawili kwa mpigo: alteneta, ile inayoichaji betri, haitoi umeme wa kutosha injini ikiwa katika mwendo wa chini, na wakati huohuo nilikuwa nikiongeza maji kwenye oili baridi. Nimenunua chaja inayojizima yenyewe betri inapojaa, nami huichomeka usiku mmoja kila mwezi.

Yapo madogo ambayo hayahitaji fedha, bali kukumbuka tu. Hendibreki siivuti tena gari linapokaa zaidi ya siku mbili. Naliacha kwenye gia mahali tambarare na kuweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya tairi, kwa sababu pedi zinaweza kushikamana na diski kwa kutu. Kiyoyozi nakiwasha dakika kumi kila wiki hata pasipo joto, kwani oili inayolainisha mpira wa kompresa husafirishwa na gesi yenyewe inapozunguka. Tangi silijazi na kuliacha miezi mingi, maana petroli hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka kwa urahisi, na ile iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu. Mwenye gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi ana sababu kubwa zaidi kuliko mimi ya kulitoa safari ndefu, kwa kuwa chujio hilo hujisafisha kwa joto ambalo safari fupi haiwezi kulifikia.

Sasa nije kwenye niliyoyakataa, maana gereji moja niliyoipitia mwanzo iliniandikia orodha ya mambo 11 ya kufanya mara moja, na zaidi ya nusu yake hayakuwa na sababu. Plagi za gari langu ni za iridiamu, ambazo kitabu kinaziruhusu hadi kilomita 100,000. Zinalika kwa idadi ya cheche zinazopigwa, na kilomita 41,000 hazijafika hata nusu. Filta ya hewa niliitoa mwenyewe, nikaiinua kuelekea dirishani, na mwanga ulipita kati ya mikunjo yake yote. Oili ya giaboksi haikutani na moshi wala petroli, na kwa gari langu imepangiwa kilomita tu, haikupangiwa miaka, itasubiri. Kusafisha kwa dawa nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini, wakati injini inawaka vizuri na haitumii mafuta kupita kawaida, sikuona kunatibu ugonjwa gani. Pedi za breki zilipimwa na kubaki na unene wa kutosha. Sisemi kwamba mafundi wale walikusudia kunidanganya. Orodha yao ilikuwa ya gari lenye umri kama wa langu lililotembea kilomita 120,000, na hakuna aliyeniuliza gari langu linaishi maisha gani.

Maji ya rejeta niliyakubali. Rangi yake ilikuwa bado nzuri, lakini rangi haionyeshi kama dawa ya kuzuia kutu iliyomo imekwisha, na aina iliyomo kwenye gari langu imepewa miaka mitano. Nilisisitiza ibadilishwe kwa aina ileile iliyotajwa kitabuni, si kwa maji matupu wala kwa kuchanganya rangi mbili.

Limebaki moja ambalo limenisumbua kuliko yote, nalo ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Magari mengi ya sasa hutumia mnyororo. Langu linatumia mkanda wa mpira, na kitabu kinasema ubadilishwe kwa kilomita 100,000 au miaka kumi. Kwa kilomita sijafika nusu. Kwa miaka, gari liko katika mwaka wake wa tisa. Injini yangu ni ya aina ambayo pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa kupishana, kwa hiyo mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na matengenezo yake yanaweza kuipita thamani ya gari lenyewe. Hakuna anayeweza kuutazama mkanda ukiwa mahali pake na kuapa kwamba utadumu. Unaweza kuonekana mweusi na mzima huku nyuzi zake za ndani zimechoka. Kazi yenyewe ni kubwa, inachukua karibu siku nzima, na inafaa kubadilisha pampu ya maji wakati huohuo kwa kuwa kwenye injini hii inazungushwa na mkanda huo.

Nilipenda sana kujiambia kwamba kilomita 41,000 ni chache mno. Nimeshaanza kuweka akiba, na kwenye jalada la ndani la kitabu cha sevisi, chini ya safu mpya niliyoichora kwa ajili ya tarehe pekee, nimeandika kwa kalamu ya wino: mkanda na pampu ya maji, mwezi wa tatu mwakani, hata kama mita haitakuwa imefika 45,000.